UZI: Nimepanda kwa miguu hadi Haut-Koenigsbourg, ngome ya mlimani aliyoifufua Kaiser. Mafundi na wapenda historia karibuni

Mwashi_wa_Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa maisha ya Ulaya niliahidi kwamba nikipata siku ya mapumziko nitaenda kuiona ile ngome inayochungulia juu ya mlima ukiwa kwenye treni ya Strasbourg kwenda Colmar. Basi nimeenda. Magoti bado yananidai, lakini naandika kabla mambo hayajachanganyika kichwani.

Kwa wasionijua: mimi ni mwashi. Kazi nimefundishwa na mjomba Mikindani, nikajenga Mtwara na Dar, sasa niko site huku Kehl, Ujerumani. Nikivuka daraja la mto Rhine nimeshaingia Ufaransa. Kwa hiyo nikifika penye jengo la kale, wenzangu wanaangalia mandhari, mimi naangalia kona na jointi. Mnivumilie.

Ngome inaitwa Haut-Koenigsbourg. Wajerumani wanasema Hohkönigsburg, yaani ngome ya mfalme iliyo juu. Na iko juu kweli: mita 757, kwenye milima ya Vosges, juu ya kijiji cha Orschwiller, karibu na mji wa Sélestat. Inatajwa kwenye maandishi tangu 1147, enzi za ukoo wa Hohenstaufen.

Sasa kosa langu la kwanza. Kutoka stesheni ya Sélestat kuna basi dogo linalopanda hadi getini, ila nje ya msimu wa kiangazi halitembei kila siku. Ratiba niliyoisoma kwenye simu ilikuwa ya kiangazi. Mimi nimeenda Jumanne, mwezi wa tatu. Nimesimama kituoni dakika arobaini kama mtu anayemsubiri mdeni wake, mpaka bibi mmoja mwenye mbwa akaniambia leo hakuna kitu, kijana. Nikapiga mguu. Tambarare hadi Kintzheim kupitia mashamba ya mizabibu, halafu msitu na mlima, nikiwa na viatu vya kazini, vile vyenye chuma mbele.

Huko juu ukungu ulikuwa mzito. Ngome ya watu wenye jeshi, jiwe tupu, mimi sikuiona mpaka nilipobakiza kama hatua kumi kuugusa ukuta. Ukatokea tu mbele yangu, mwekundu na umelowa. Jiwe lao ni jiwe la mchanga la Vosges, rangi kati ya waridi na udongo wa kichuguu. Ukipitisha kidole unahisi chembe zinakwaruza.

Naweka ya kwanza hii, naendelea baada ya kula.

Kocha_Mstaafu

Natia nanga. Mkuu, umepanda mlima na viatu vya chuma? Hao wa Hohenstaufen wenyewe walipanda na farasi.

Dada_Kurasini

Picha mkuu. Uzi bila picha ni mahubiri.

Mwashi_wa_Mikindani

Dada, picha zipo ila nyingi ni ukungu mtupu, utadhani nimepiga shuka. Naziweka jioni.

Tuendelee. Nilipofika mlangoni nilitegemea kuona gofu lililozibwazibwa. Sikukuta gofu. Nimekuta nyumba kamili: paa la vigae, madirisha yana vioo, milango ina komeo, ua wa chini una karakana ya mhunzi na kinu cha upepo. Kila kitu kimesimama kana kwamba wenyewe wamekwenda sokoni, watarudi.

Nikajiuliza imewezekanaje. Maana historia yake ni ya kuchomwa moto tu. Mwaka 1462 miji ya jirani, Strasbourg na Basel ikiwemo, iliungana ikaichoma kwa sababu mabwana waliokuwamo walikuwa wanapora wasafiri. Mwaka 1479 mfalme mkuu Frederick wa Tatu akaitoa kwa ukoo wa Thierstein, nao wakaijenga upya kwa kuta nene za kuhimili mizinga. Ikadumu. Halafu 1633, kwenye Vita vya Miaka Thelathini, Waswidi wakaizingira siku 52, wakaichukua, ikaungua tena. Baada ya hapo miti ikaota ndani kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini.

Aliyeifufua ni Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme mkuu wa Ujerumani. Huyuhuyu tunayemjua sisi. Alsace ilikuwa imechukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, na mwaka 1899 mji wa Sélestat ukampa Kaiser lile gofu kama zawadi. Akamweka msanifu anaitwa Bodo Ebhardt, kijana wa miaka thelathini na kitu. Kazi ikaenda 1900 hadi 1908.

Hapo ndipo uashi unapoanza kunoga. Site ile ilikuwa na mtambo wa mvuke, umeme, kreni, na treni ndogo ya kuleta mawe kutoka machimboni. Mwaka 1900 na ushee, juu ya mlima! Mimi mwaka huu nimebebeshwa mifuko ya saruji ghorofa ya nne kwa sababu lifti ya mizigo imeharibika.

Na jamaa hakuficha kazi yake. Mawe mapya yamepigwa alama, ukijua pa kuangalia utayaona. Hata bila alama, fundi anaona. Mawe ya chini kona zimelika, zimekuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika. Ukifika usawa fulani, kona zinakuwa kali ghafla. Mstari unapita ukutani, unapanda, unashuka, unakata dirisha katikati. Nimeufuata kwa macho upande mzima wa ua. Mlinzi akaanza kunifuata na yeye.

Kocha_Mstaafu

Mtu mweusi anachunguza ukuta wa ngome jiwe baada ya jiwe. Ningekuwa mlinzi ningepiga simu kabisa.

Ila swali la kweli mkuu: kama nusu ya jengo ni la 1908, si tumedanganywa? Hiyo ni ya kale kwa lipi? Nyumba ya babu Tanga ni ya 1911 na hakuna mtalii anayeilipia.

Mchimba_Magofu

Kocha, swali lako wasomi wanagombania mpaka leo, kwa hiyo usijione mjinga.

Mimi nimefanya kazi ya malikale miaka kadhaa pwani ya kusini. Kuna mikondo miwili. Mmoja unasema gofu liachwe gofu: lizuie lisianguke, basi. Mwingine unasema lijenge mpaka liwe kama zamani, hata zaidi ya zamani. Ebhardt ni wa mkondo wa pili, ingawa kwa haki yake alichimba, akapima, akapiga picha kila kona kabla ya kugusa. Utafiti wa baadaye umemtetea kwenye mambo mengi aliyodhaniwa ameyatunga. Anaposhutumiwa zaidi ni mnara mkuu, inasemwa kaupandisha kama mita 14 kuliko ulivyokuwa, ili uonekane vizuri ukiwa bondeni.

Mwaka 1964 wataalamu walikutana Venice wakaandika mkataba wa namna ya kutunza majengo ya kale. Kifungu cha 9 kinasema ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Kwa kipimo hicho Haut-Koenigsbourg isingejengwa hata robo.

Lakini angalieni upande wa pili. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yameachwa magofu kwa heshima zote za kitaalamu. Mtoto wa shule anafika pale anaona kuta za matumbawe na majani. Mwalimu anamwambia hapa palikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Mtoto anaitikia ndiyo mwalimu, akilini hana picha yoyote. Nimeliona hilo kwa macho yangu, zaidi ya mara moja.

Yakhe_wa_Mvita

Mchimba umesema kweli. Sisi Mombasa Fort Jesus tuna bahati haikuachwa kabisa. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, Waomani wakaitwaa, Waingereza wakaigeuza jela mpaka 1958. Jela ndiyo iliyoiokoa, maana jela haiachwi paa livuje na ukuta ubomoke. Ingeachwa tupu, watu wangekwishabeba mawe wakajengee.

Mwashi_wa_Mikindani

Yakhe, hilo la kubeba mawe umenikumbusha mbali, ila ngoja nimalize ndani kwanza.

Kisima. Wakuu, kina kina cha mita 62 na kimechongwa kwenye mwamba. Nimeegemea ukingo wake muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mjomba kabla ya uashi alichimba visima vijijini, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa mtu wa kuvuta ndoo ya udongo. Mita 15 tu, fundi akiwa chini anakuwa mdogo kama kopo, sauti yake inakufikia imeshavunjika, na jua linamfika saa sita tu kwa dakika chache. Zidisha hapo mara nne. Na si udongo, ni jiwe, kwa patasi na nyundo, hewa yenyewe chini inakuwa nzito. Hakuna jina la hata mmoja wao popote. Majina ya mabwana yamejaa kila ukuta.

Vyoo sasa, maana najua Kocha atauliza. Vimechomoza nje ya ukuta kama vibanda vya njiwa, unakaa na chini yako ni bonde. Maji hayatumiki, bomba hakuna. Upepo ule wa Vosges siuzungumzii.

Vyumbani kuna majiko makubwa ya vigae vya udongo, marefu kunizidi. Ndiyo yaliyokuwa yanapasha chumba joto. Majiko ya aina hii mengi hulishwa kuni kutokea upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo bwana anaota moto bila kuona moshi wala sura ya mtumishi. Kwa ufundi ni kazi safi sana. Kwa mengine sijui niseme nini.

Halafu ukumbi wa Kaiser. Huu ndio ulionifanya nikaamua kufungua uzi. Ebhardt aliondoa sakafu ya juu ili ukumbi uwe mrefu wa kifahari. Darini kachorwa tai mkubwa wa dola, kazi ya mchoraji wa Alsace aitwaye Léo Schnug. Nimesimama chini yake shingo nimeikunja mpaka ikalalamika. Halafu nikashusha macho kwenye meko. Pale mbele ya moto kuna kizuizi cha chuma, na kimeandikwa Kijerumani: „Ich habe es nicht gewollt“.

Kijerumani changu ni cha site, ila hicho kimenitosha. „Mimi sikuyataka haya.“ Ni maneno ya Kaiser kuhusu vita ya 1914, yamewekwa pale 1918, mwaka huohuo alioangushwa.

Nimeyasoma mara tatu, wakuu.

Binti_wa_Umatumbi

Mkuu shikamoo, maana naona umenizidi.

Nimekuwa nasoma kimya tangu asubuhi. Hiyo miaka uliyoitaja, 1900 hadi 1908, imenikaa kooni. Kwetu ni Nandete, huko Kilwa. Mwezi wa saba 1905 wazee wetu waling'oa pamba ya kulazimishwa shambani, na hivyo ndivyo Majimaji ilivyoanza. Mwezi wa nane mwaka huohuo Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, akanyongwa Mohoro. Kwa hiyo huyo Ebhardt anapanga jiwe juu ya jiwe na treni yake ndogo, jeshi la Kaiser yuleyule linachoma vijiji na maghala kutoka Kilwa hadi Songea. Waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Makadirio yanafika watu laki mbili na nusu hadi laki tatu.

Ngome moja inafufuliwa, vijiji mamia vinafutwa, amri zinatoka mji mmoja. Halafu anaandika kwenye meko „sikuyataka haya“.

Na hata hayo hakuyaandika kwa ajili yetu.

Kocha_Mstaafu

Dada, hapo umenifunga mdomo, na mimi mdomo haufungwi kirahisi. Kwa maana nyingine ile ngome imejengwa kwa kodi ya kichwa ya mababu zetu. Tukadai tiketi tuingie bure.

Mchimba_Magofu

Kocha, tusimwage chumvi kwenye ukweli ambao tayari una chumvi ya kutosha. Ukarabati uligharimu zaidi ya marki milioni mbili, na fedha zilitoka hazina ya dola na Alsace-Lorraine yenyewe. Koloni la Afrika Mashariki lilikuwa linakula ruzuku ya Berlin, halikuwa na ziada ya kujengea ngome. Ndiyo maana wakalazimisha pamba: walitaka koloni lijilipie.

Kilichounganisha mambo haya mawili ni hamu ya mtu mmoja ya kuonekana. Haut-Koenigsbourg ilikuwa bango la mpaka wa magharibi. Upande wa mashariki alikuwa na nyingine ikikarabatiwa, Marienburg, ambayo leo ni Malbork ya Poland. Alitaka mtu akitazama huku na huku aseme dola hii ni ya tangu na tangu. Watu wa Alsace walikuwa raia wa Ufaransa hadi juzi yake tu, ndio waliokuwa wanaambiwa hivyo.

Binti_wa_Umatumbi

Sawa mkuu, hesabu nimeielewa. Pesa hazikuwa zetu. Ila hamu hiyohiyo ya kuonekana ndiyo iliyobandika jina lake kileleni Kilimanjaro, Kaiser-Wilhelm-Spitze, tangu Hans Meyer alipofika 1889 mpaka tulipoliita Uhuru. Mlima wao bango, mlima wetu bango.

Mjukuu_wa_Kalenga

Wakuu, naongeza kitu ambacho wengi hawakiunganishi.

Ngome hii ilitokaje kwa Wajerumani kwenda kwa Wafaransa? Kwa Mkataba wa Versailles, 1919. Kifungu cha 56 kinasema mali za dola zilizoko Alsace-Lorraine, pamoja na mali binafsi za Kaiser wa zamani, zinakuwa za Ufaransa bila malipo. Ndipo na Haut-Koenigsbourg ilipoondoka.

Sasa fungueni mkataba huohuo, kifungu cha 246. Kinasema ndani ya miezi sita Ujerumani itakabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililotolewa Afrika Mashariki. Limeandikwa humo, kwa jina, katika mkataba uliomaliza vita ya dunia.

Ngome ilihama mara moja. Fuvu la babu yetu Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, lilirudi Kalenga, Iringa, mwaka 1954. Miezi sita ikawa miaka 35.

Mimi nimekulia hatua chache kutoka kwenye jumba lile la makumbusho. Nikiwa mdogo nilidhani kila mtoto ana fuvu la babu yake kwenye kabati la kioo.

Dada_Kurasini

Nimesoma hii nikiwa kwenye mwendokasi, nimepitiliza kituo.

Yakhe_wa_Mvita

Mjukuu, huo mkataba nimeufungua sasa hivi. Ni kweli, 246. Mistari miwili chini ya mambo ya Korani ya Khalifa Uthman. Subhanallah.

Mama_Wawili_Mulhouse

Jambo kaka Mwashi, jambo wote. Miye ni wa Bukavu, niko hapa Mulhouse miaka kenda sasa. Hii château batoto ba shule ba Alsace yote banapelekwa kule. Wangu wa pili alirudi akasema maman, nimeona nyumba ya mfalme, ina kisima hakina mwisho. Habari ya Kaiser hakuniambia hata moja. Banawaambia mambo ya mashujaa na mapanga.

Siwalaumu, mutoto wa miaka saba utamwambia nini. Lakini nikisoma hapa nimeona nitampeleka tena akikua, na hii uzi mkononi.

Shauri moja: musipande na gari siku ya Jumapili kiangazi. Gari zinapaki kandokando ya barabara mpaka chini kabisa, utatembea vilevile kama kaka.

Mwashi_wa_Mikindani

Wakuu, nilitoka kidogo, narudi nakuta uzi umenizidi kimo. Asanteni, hasa Binti na Mjukuu. Hicho cha 246 sikukijua kabisa, na nimesimama ndani ya kifungu cha 56 nzima nzima.

Sasa nirudi kwa Yakhe na magofu ya kwetu. Mikindani kwetu kuna Boma la Mjerumani, la 1895. Jeupe, liko mwinuko kidogo, unaliona ukitoka baharini. Nimepita chini yake kila siku nikienda shule. Nikiwa mdogo lilikuwa gofu, tunaingia kucheza kombolela. Baadaye likakarabatiwa likawa hoteli. Kwa hiyo mimi ngome ya Mjerumani iliyofufuliwa haikuwa jambo geni, geni ilikuwa ukubwa.

Mjomba alikuwa fundi wa chokaa. Chokaa ya kweli, ya kuchoma matumbawe kwenye tanuu la magogo ya mikoko, linawaka usiku kucha na asubuhi unalikuta limekaa jeupe kama unga. Unalimwagia maji linafoka, unaliacha shimoni lilale. Alikuwa haliamini jengo la matumbawe lililopigwa saruji. Alikuwa akisema ukuta wa mawe ni mtu, lazima utoe jasho. Ukiupaka saruji umeuvalisha koti la mpira. Chumvi na unyevu vinabaki ndani vinakula jiwe, plasta inavimba, inadondoka na uso wa jiwe juu yake. Mimi kijana nilimwona mshamba, saruji inakauka siku moja, chokaa inataka miezi. Nimekuja kumwelewa huku ugenini, nilipopewa kazi ya kubandua saruji iliyopigwa kwenye ukuta wa kanisa la kale na kurudishia chokaa. Nimelipwa kwa saa kufanya alichonifundisha bure.

Kwa hiyo Mchimba, swali langu ni hili. Gofu lijengwe au liachwe, nyie mtajua. Ila nani analigusa, na kwa mchanganyiko gani? Hapo naona kwetu ndipo tunapofia. Mafundi wa chokaa pwani nzima wamebaki wangapi?

Mchimba_Magofu

Umegusa donda. Mwiko wa kwanza wa kazi ni huo wa mjomba wako. Nimeona kuta za karne ya 15 zimezibwa kwa saruji na watu wenye nia njema kabisa, miaka kumi baadaye kiraka kimebaki, jiwe limeondoka. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani Zanzibar, ilianguka ikiwa kwenye ukarabati, na watu walipoteza maisha. Jengo kongwe halisamehe haraka.

Lakini habari njema zipo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, vikatolewa 2014, na sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na wanakijiji waliofundishwa uashi wa chokaa. Gereza la Kilwa, ile ngome ya pale kisiwani, ukilitazama leo limesimama vizuri. Kazi ya mikono ya watu wa palepale.

Kocha_Mstaafu

Haya mimi nirudishe uzi kwenye starehe. Mkuu, ukungu uliondoka au ulilipa tiketi ukaangalie shuka?

Mwashi_wa_Mikindani

Uliondoka! Nilikuwa nimeshafika juu kabisa, kwenye ngome kuu ya mizinga upande wa magharibi. Nimesimama kwenye kitundu cha kurushia risasi, nje ni nyeupe tupu. Halafu upepo ukapita mara moja, kama mtu aliyevuta pazia. Chini kabisa tambarare yote ya Rhine, vijiji na minara ya makanisa, mashamba ya mizabibu yamechanwa kama nywele. Ng'ambo ya mto Msitu Mweusi wa Ujerumani. Wanasema siku safi zaidi unaona hadi Alps, mimi sikuziona. Ikakaa hivyo kama dakika tano, ukungu ukarudi.

Nilichokiona pia, karibu sana, kama mita mia mbili hivi juu ya mgongo uleule wa mlima: gofu. Ngome nyingine ndogo inaitwa Oedenbourg. Hiyo hakuna aliyeigusa. Ukuta mmoja wa madirisha umesimama, miti imeota ndani. Nilikwenda baada ya kutoka. Hakuna tiketi, hakuna mtu, nimekaa juu ya jiwe nimekula mkate wangu na yai. Kocha, ukitaka ya kale isiyo na mkono wa 1908, ni hiyo.

Na wakati wa kushuka kuna mahali panaitwa Mlima wa Nyani. Msitu umezungushiwa uzio, ndani nyani wa Morocco, watu wanalipa waingie kuwaona, zamani walikuwa wanawapa na bisi mkononi.

Kocha_Mstaafu

Subiri. Wanalipa?

Dada_Kurasini

Mwambie bibi yangu wa Morogoro anayewafukuza shambani kwa kopo kuanzia alfajiri.

Yakhe_wa_Mvita

Ndugu yangu, mimi nina safari ya Strasbourg mwezi wa tano kwa mkutano. Tarehe mosi niko huru. Niende?

Mama_Wawili_Mulhouse

Hapana kaka, tarehe mosi ya mwezi wa tano banafunga. Na Noeli, na mwaka mpya. Enda siku ya pili yake, na uvae sweta, kule juu kuna baridi hata jua likiwaka.

Binti_wa_Umatumbi

Mkuu Mwashi, ombi moja. Picha ya hayo maandishi kwenye meko umeipiga? Nafundisha historia sekondari, kidato cha tatu. Nataka niiweke ubaoni pamoja na picha ya mnara wa kumbukumbu ya Majimaji wa Nandete, nisiseme kitu, nione wanafunzi watauliza nini.

Mwashi_wa_Mikindani

Niliipiga dada, ila nimeifungua sasa hivi kwenye kompyuta: herufi zote zimecheza, mkono ulikuwa unatetemeka kwa baridi. Inasomeka „gewollt“ tu.

Nitarudi Jumapili. Basi lipo, ratiba nimeiangalia mara mbili na nimempigia simu mtu wa pale stesheni.